Mstari wa Pumba

Kufikia Jumanne asubuhi, kila mtu aliyelishika jalada lile alikuwa ameshaamua kwamba Jailos ndiye aliyemuua Parth kwa uzembe wake, na aliyebaki bila kuamua alikuwa Inspekta Damari peke yake. Mkuu wake wa upelelezi alimpa mpaka kesho yake saa tatu. Saa tatu hiyo Jailos angesimamishwa mahakamani kwa kosa la kuua bila kukusudia, na kwa jinsi jalada lilivyopangika, hakuna wakili ambaye angemtoa.

Damari hakupenda majalada yaliyopangika mno. Miaka kumi na sita ya upelelezi, Mbalizi, kisha Chunya, na sasa huku bondeni Mbarali, ilimfundisha kwamba watu wawili wakiona jambo moja husimulia mambo mawili. Hapa watu wawili walisimulia jambo lilelile, karibu neno kwa neno, na mmoja wao simulizi hiyo ilikuwa inampeleka jela. Hilo lilimkera tangu Jumapili, na alipokerwa hakulala vizuri.

Alifika kambini saa nne. Koplo Filemoni alikuwa kwenye usukani, na kiti cha nyuma alikaa Lutengano, mbia wa marehemu. Yeye na Parth, mtoto wa mwenye duka la vitambaa mjini Mbeya, walianzisha miaka mitatu nyuma kampuni ya kupeleka watu mtoni mwisho wa wiki: mchana wa kupiga kasia kwenye kayaki, usiku mmoja kwenye mahema, kesho yake nyumbani. Jailos alikuwa kiongozi wao wa safari na mpishi. Kambi yenyewe ilikuwa kipande cha mchanga kwenye kona ya mto, chini ya Ubaruku, pale majaruba ya mpunga yanapokwisha na vichaka vinapoanza. Mahema mawili yalikuwa bado yamesimama ndani ya utepe wa polisi.

Damari alimtaka Lutengano aeleze upya, ila safari hii asimame palepale alipokuwa amesimama Jumapili. Lutengano hakusita. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, nadhifu, mwanakwaya wa kanisa moja la mjini, na alieleza kama mtu aliyezoea kusimama mbele za watu. Kwa kawaida, alisema, safari zao huondoka Ijumaa mchana na kurudi Jumamosi jioni, maana Jumapili yeye ana kwaya. Wiki hii Ijumaa Parth alikuwa na harusi ya binamu yake Hetal, ndiyo maana wakasogeza safari kwa siku moja. Hawakuwa na wageni. Walikuwa watatu tu, wakikagua njia kabla ya msimu. Jumamosi jioni Jailos alikunywa, akaiacha kayaki ya Parth ukingoni bila kuifunga. Usiku maji yakapanda, yakaibeba. Saa kumi na moja na nusu alfajiri Lutengano alisikia kelele, akatoka, akamwona Parth yumo mtoni na soksi miguuni anaikimbilia kayaki yake. Mkondo ukamchukua, akagonga kichwa kwenye mawe ya pale chini.

"Na Jailos?"

"Alikuwa amelala fofofo kando ya moto. Nilimwamsha kwa teke, Mungu anisamehe."

Daktari alikuwa ameandika jeraha moja kisogoni, kisha maji mapafuni. Damari alipompigia kuuliza kama ni jiwe, alijibu kwamba jiwe linaweza kufanya vile, na ubao wa kasia pia unaweza, na kwamba yeye si mtabiri.

"Maji yalipanda mpaka wapi?" Damari aliuliza.

Lutengano alionyesha kwa kidole. Juu kidogo ya nusu ya mteremko wa mchanga, hatua chache kutoka kwenye mahema, ulipita mstari mwembamba wa pumba za mpunga zinazotoka kwenye mashine za kukoboa za huko juu. Mto ulikuwa umeziacha pale kama sabuni inavyoacha alama kwenye beseni. Filemoni alitandaza futi yake kutoka kwenye mstari hadi ukingo wa maji, akasoma mita tano na nusu.

"Huu mto unapanda usiku, afande," Lutengano alisema. "Safari zote. Tukilala hapa, asubuhi tunakuta maji yamesogea. Muulize hata Jailos."

Damari alikuwa ameshamuuliza, na Jailos alisema hivyohivyo, kwamba mto hupanda usiku na kwamba yeye hufunga kayaki kwenye mti kila siku, ila labda Jumamosi hakukaza fundo. Filemoni aliinua mikono kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi mapema. Pumba ziko pale, mashahidi wawili wanakubaliana, kayaki imekutwa imekwama kwenye mawe. Kilichobaki ni kurudi kituoni wakale.

Inspekta alikuwa amechuchumaa chini ya ule mstari, kwenye tope lililokauka kati ya pumba na maji. Kulikuwa na mfuo mrefu, upana wa kitako cha kayaki, unateremka moja kwa moja hadi majini. Pande zote mbili za mfuo kulikuwa na nyayo za viatu vyenye soli ya meno, zimedidimia upande wa vidole. Aliangalia viatu vya Lutengano. Vilikuwa vya turubai, soli ya meno. Kandambili za Jailos, za matairi, alizijua tangu mahabusu, na viatu vya Parth vilikutwa ndani ya hema.

"Hizi nyayo ni zako?"

Lutengano aliinama, akaangalia, akatabasamu kidogo. "Zangu hizo. Tulifika Jumamosi saa kumi jioni, nikamsaidia Parth kuivuta kayaki."

"Baada ya hapo hukuigusa tena?"

"Sikuigusa."

Damari alimwambia Filemoni ayaandike maneno hayo kama yalivyo, kisha akampa Lutengano karatasi aisome na aitie saini. Lutengano alitia saini bila wasiwasi, juu ya boneti ya gari.

Walimshusha kwenye kituo kidogo cha polisi cha Ubaruku, akapewa benchi na kikombe cha chai. Nyuma ya kituo hichohicho ndiko Jailos alikokuwa amefungiwa. Gari lilipoondoka tena, Filemoni alitaka kujua wanakwenda wapi na chakula cha mchana kinakwenda wapi.

"Ulipokuwa mdogo uliwahi kuchora jina lako kwenye mchanga wa mtoni?" Damari alimuuliza.

"Sana."

"Maji yakipita juu yake?"

Filemoni aliendesha mita mia moja kabla ya kufunga breki. Mfuo ulikuwa chini ya mstari wa pumba. Kama ulichorwa Jumamosi saa kumi, halafu usiku maji yakapanda mpaka kwenye pumba, mfuo ungefutika na nyayo zingefutika. Lakini vyote vilikuwepo. Na kama haukuchorwa Jumamosi saa kumi, basi mtu mwenye saini yake ndani ya jalada alikuwa amesema uongo saa moja iliyopita.

"Sasa maji yalipanda au hayakupanda?"

"Ndiyo tunakwenda kuuliza," alisema Damari. "Tumuulize mwenye nayo."

Mwenye maji, kwa watu wa Ubaruku, alikuwa Lugano, mgawa maji wa mfereji wa wakulima. Walimkuta kwenye banio, pale mto unapozuiwa kidogo ili sehemu ya maji iingie mferejini. Lango la chuma lilikuwa na usukani wa kuzungusha, na usukani ulikuwa na kufuli kubwa. Ufunguo wake Lugano aliuvaa shingoni.

"Kamwene, mama," alimsalimia Damari, akafuta kiti kwa kiganja, akamkaribisha.

Alikuwa mzee mwenye maneno mengi na mwenye wivu na lango lake. Damari alimwacha azunguke, awalalamikie wenye majaruba ya chini na wa juu pia, kisha akamrudisha pole pole kwenye Jumamosi. Lugano alieleza kwamba yeye ni Msabato. Miaka miwili nyuma watu walikatana majembe kwa kugombania zamu ya maji huku yeye yuko kanisani, na tangu siku hiyo hamwachii mtu lango. Ijumaa kabla jua halijazama analifunga, analala na ufunguo. Sabato nzima mfereji unakaa mkavu, na mto unabaki na maji yake yote.

"Kwa hiyo kule chini, kwenye ile kona ya mchanga, mto unapanda lini?"

"Ijumaa usiku. Mpaka yafike kule ni saa sita, saa saba za usiku."

"Na Jumamosi usiku?"

Lugano alimwangalia kama mwanafunzi mzito. "Jumamosi jua likizama nafungua. Wananizunguka na majembe yao, nichelewe nife? Nikifungua, maji yanaingia kwenye mfereji, mto unapungua. Usiku wa manane kule chini yameshashuka. Jumapili asubuhi wavuvi wanaokota kambare kwenye tope kwa mikono."

"Jumamosi hii ulifungua?"

"Saa kumi na mbili na nusu na dakika zake. Waulize watu hamsini."

Damari hakuhitaji hamsini, lakini aliwauliza watatu, kila mmoja peke yake, na Filemoni akaandika majina na namba zao za simu. Walisema saa ileile. Ule mstari wa pumba ulikuwa alama ya Jumamosi mchana, mto ulipokuwa umejaa. Kutoka hapo uliteremka tu. Kayaki iliyoachwa ukingoni jioni ile isingebebwa na maji. Kulipopambazuka ingekutwa kwenye tope, mita tano na nusu kutoka majini, na wa kuifikisha majini angekuwa mtu.

Lutengano alikuwa amelala kwenye mchanga ule labda mara sitini, na mara zote sitini ilikuwa Ijumaa. Jailos pia, mtoto wa Chunya, alikokulia akiona mto wenye maji mara mbili kwa mwaka. Wote wawili waliujua mto wa usiku mmoja wa juma, wakadhani wanaujua mto.

Filemoni alisema basi Lutengano amekwisha. Damari alimwambia awashe gari na asiwe na haraka. Jailos naye alikuwa amesema maji yalipanda. Mtu aliyeamshwa kwa teke alfajiri ile, akakimbia ukingoni, angeziona mita tano za tope hata kama ana usingizi. Mbona hakuziona?

Vielelezo vilikuwa nyuma ya gari, ndani ya boksi. Alikuwa ameisoma orodha yake mara nne, na mara nne alipita juu ya maneno "sufuria tatu". Sasa alizitoa. Ya kwanza ilikuwa kubwa, nyeusi kwa masizi. Ya pili ilikuwa ndogo, ya zamani, imefungwa kwenye kitambaa safi cha njano, na ndani yake ilinuka samaki. Ya tatu ilikuwa mpya. Haikuwahi kuona moto. Karatasi ya dukani ilikuwa bado imebandikwa kitakoni, na juu yake mtu alikuwa ameandika herufi M kwa kalamu ya wino mzito.

Maduka ya vyombo Ubaruku hayazidi matano. La tatu lilikuwa la Matilda, ambaye aliitambua herufi yake kabla hajaguswa na swali. Aliiuza Jumamosi usiku, alisema, saa nne imeshapita, duka limefungwa na yeye yuko kitandani. Kijana wa wale watu wa kayaki alimgongea mpaka akafungua. Alitaka sufuria ambayo haijapikiwa nyama wala samaki. Matilda alimwambia mpya zote ni hivyo. Kwa kuwa njia ya kurudi inapita kwenye vichaka vya viboko, alimpa mkeka akalala barazani. Aliondoka jogoo wa kwanza, saa kumi na moja.

Kutoka pale hadi kambini, kwa kukata majarubani, ni mwendo wa saa mbili na nusu. Parth alikufa saa kumi na moja na nusu.

Waongo wawili, uongo mmoja, kila mtu na sababu yake. Damari alikaa garini dakika nzima akiwa na sufuria mapajani. Alimwonea huruma Jailos, na alikuwa na hasira naye pia, kwa sababu alikuwa amebakiza usiku mmoja tu kwenda kujifunga mwenyewe.

Alianza na Lutengano. Hakupaza sauti. Alimsomea karatasi yake mwenyewe yenye saini yake, kisha akamsomea maneno ya Lugano na ya wale wakulima watatu. Lutengano alisikiliza huku kikombe kikiwa mkononi. Damari alipofika pale mto uliposhuka, kikombe kilirudi mezani.

"Parth alitaka kugawana kayaki," Damari aliendelea. "Nusu aipeleke Iringa, akaanze kwake peke yake kwenye Ruaha Mdogo. Dada yake Foram alituambia jana kwa simu. Wewe hukutuambia."

"Tulishazungumza. Tulielewana."

"Nani aliisukuma kayaki kwenye tope?"

Lutengano alikitazama kikombe chake. Alipoinua uso, ule utulivu wa kwaya ulikuwa umerudi, na Damari akajua kwamba mtu huyo amepata mlango wa kutokea.

"Basi atakuwa Jailos," alisema. "Viatu vyangu vinakaa nje ya hema, angeweza kuvivaa. Mimi nilikuwa usingizini, niliona mwisho tu. Tulikuwa watatu pale, afande. Mmoja amekufa. Jailos mwenyewe amesema alikuwepo, na ametia saini. Utamwambia hakimu nini?"

Matilda angeapa, lakini wakili angeuliza kama mwanamke aliyetoka usingizini aliiona saa au aliikisia, na kama kijana hakupata pikipiki ya kumrudisha usiku uleule. Dhidi ya Matilda kulikuwa na maelezo ya mtuhumiwa mwenyewe, yaliyochukuliwa kwa taratibu zote: nililala kambini. Damari alitoka, akamwomba askari wa zamu amlete Jailos.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, mabega mapana ya kasia. Damari aliiweka ile sufuria mpya mezani. Jailos aliiangalia, akaangalia pembeni.

Yaliyofuata aliyasema bila kubanwa. Parth hakula nyama wala samaki, kwao hawali, na kila safari mama yake, Mama Taraben, alimkabidhi Jailos sufuria ya mwanawe mkono kwa mkono, ikiwa imefungwa kwenye kitambaa. Jumamosi jioni, gizani, alishika sufuria hiyo kwa makosa akakaangia kambare. Parth alicheka, akasema atakula ndizi. Jailos alishindwa kukaa. Angemwambia nini yule mama? Akaenda kutafuta nyingine. Aliporudi Jumapili, jua limeshatoka, Lutengano alikuwa amekaa peke yake kwenye mchanga.

"Akasema nini?"

"Akasema Parth amechukuliwa na maji, kayaki haikufungwa. Akasema kiongozi akiacha watu wake porini leseni inachanwa, kwa hiyo yeye atasema nilikuwepo. Alisema ananifichia." Jailos alijifuta uso kwa bega. "Nikamshukuru, afande."

"Na maji? Hukuona yameshuka?"

"Sikuangalia maji. Nilikuwa natafuta mtu."

Damari alimweleza, pole pole, kuhusu lango na kuhusu mfuo kwenye tope. Jailos alihitaji kuambiwa mara mbili. Alipoyaelewa, uso wake haukupata nafuu yoyote, ulizidi kuzama.

"Naweza kuchukua maelezo mapya," Damari alisema. "Ukisema ukweli, Lutengano hana pa kushika. Wewe kesho huendi mahakamani kama mshtakiwa, unakuja kuwa shahidi. Lakini nikufahamishe kabisa: leseni yako itafutwa. Hutapeleka mtu mtoni tena."

Filemoni alikuwa ameshafungua karatasi mpya. Jailos hakuuliza kuhusu leseni.

"Yatasomwa mbele ya watu?"

"Yatasomwa."

"Mama yake atakuwepo?"

Damari alitamani kumdanganya. "Atakuwepo."

"Mpaka sasa anajua mwanae alikuwa na mimi. Jumapili alinishika mikono hapo nje, akasema angalau ulikuwa naye." Aliisogeza sufuria kando. "Atajua nilimwacha na yule mtu. Peke yake."

"Atajua."

Filemoni alishusha kalamu, akaangalia ukuta, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuonekana kufikiria chakula. Jailos aliweka viganja vyote viwili juu ya meza, akavitazama.

"Andika, kaka," alimwambia koplo, kisha akatamka neno kwa neno, pole pole, ili lisipotee hata moja. "Mimi, Jailos, usiku ule, sikuwepo."